Kabla Hujaistaafisha Programu

Ukiandika barua ya Kiswahili kwenye LibreOffice na neno ulilolikosea likapigiwa mstari mwekundu, nyuma ya mstari ule kuna orodha ya maneno na kanuni za viambishi iliyotayarishwa na Mkenya Jason Githeko mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kutolewa kwa leseni huria. Tangu wakati huo imeguswa mara chache mno. Maneno mengi yaliyoingia baadaye haiyatambui, na majina ya vijiji vyetu huyaona makosa. Lakini ipo, inafanya kazi, na sijasikia kwamba imemdhuru mtu.

Miaka hiyohiyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi ulioitwa Kilinux, kiliitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili. Jambo OpenOffice ilitoka mwishoni mwa 2004, na kwa waliokuwa wakishughulika na kompyuta wakati ule ilikuwa habari kubwa: programu kamili ya ofisi, menyu zake kwa Kiswahili, na hulipii leseni. Leo nikiikuta kwenye kompyuta ya mtu nitamshauri aiondoe kabla hajanywa chai.

Zote mbili ni huria, zote za Kiswahili, zimezaliwa karibu wakati mmoja, na zote zimenyamaza. Hata hivyo moja ibaki na nyingine iende. Nimeanza na hizo kwa sababu vijana wanaoandika programu hapa Mwanza, pamoja na mafundi wanaotunza kompyuta za shule, zahanati na vyama vya ushirika kuanzia Nyegezi hadi Nansio, wana mazoea ya kuuliza swali moja tu: programu hii iliguswa lini mara ya mwisho? Wakisikia miaka minne, hukumu imeshatoka. Tarehe hiyo inafaa kujulikana, ila haiwezi kuamua peke yake.

Anza kwa kuuliza programu inapokea nini, na kutoka kwa nani. Orodha ya maneno haipokei kitu. Imekaa kwenye diski, LibreOffice inaisoma, basi. Na LibreOffice yenyewe ina watu wanaoitunza kila siku. Jambo OpenOffice ni tofauti kwa sababu inafungua nyaraka. Kila barua ya zabuni, kila wasifu wa mwombaji kazi, kila jedwali lililoletwa kwenye flashi kutoka steshenari ya mjini linapita mikononi mwake, na mbinu za kuficha uovu ndani ya nyaraka zimegunduliwa nyingi tangu 2004. Hakuna atakayezizibia njia humo.

Hata OpenOffice mama ilifika pabaya. Oracle iliinunua Sun Microsystems mwaka 2010, na Septemba ya mwaka huohuo watunzaji wengi wakajitenga wakaanzisha LibreOffice. Mwaka uliofuata Oracle ikaikabidhi OpenOffice kwa taasisi ya Apache. Julai 2016 ukatangazwa mwanya wa usalama katika sehemu yake ya slaidi, na mradi haukuwa na watu wa kutosha wa kutoa toleo lililorekebishwa kwa wakati. Watumiaji wakapewa kiraka cha kubandika wenyewe. Septemba, Dennis Hamilton aliyekuwa akiuongoza mradi akawaandikia wenzake waziwazi namna kustaafu kungeweza kufanyika hatua kwa hatua. Wenzake wakakataa, na OpenOffice bado ipo, hutoa matoleo madogo kwa nadra.

Mimi naona Hamilton alikuwa sahihi. Ubaya wa mradi mkubwa kukataa kustaafu ni kwamba jina lake linaendelea kuvuta watu. Mtu wa Igoma anayetafuta programu ya ofisi isiyolipiwa hulikumbuka jina la OpenOffice alilolisikia chuoni, analitafuta, analipata, anapakua. Hakuna anayemwambia kwamba kazi yenyewe ilihamia kwingine zaidi ya miaka kumi iliyopita.

Kwa hiyo ngazi ya hatari ni rahisi kuipanga. Fonti, kamusi, picha, faili za tafsiri: ziache zilale zitakavyo. Programu ya kikokotoo au ya kuchapa risiti kwenye kompyuta isiyo na mtandao: iangalie, usiikimbilie. Inayofungua mafaili ya watu wengine: kuwa mkali. Inayosikiliza mtandaoni, au inayotunza taarifa za wagonjwa, wanafunzi au wanachama: hiyo ikikaa mwaka mzima bila mtunzaji anayejibu, tayari umeshachelewa kuanza kujadili.

Baada ya hapo tafuta kujua nani bado anaitumia. Hapa ndipo watu wa mbali hutukosea sana, na sisi wenyewe tukaiga makosa yao. Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, ina programu ndogo iitwayo popularity-contest: mwenye kompyuta akiiridhia, hutuma taarifa za vifurushi vya programu alivyonavyo, na mtunzaji anayetaka kifurushi chake kiondolewe huzitazama takwimu hizo. Ni utaratibu wa kiungwana, hakuna anayelazimishwa wala kupelelezwa. Ila unamhesabu aliyeridhia na mwenye intaneti. Maabara ya shule kisiwani Ukara, iliyowekewa mfumo kwa flashi moja iliyozungushwa kompyuta zote, haimo katika hesabu hiyo. Haimo pia katika hesabu ya upakuaji, kwa kuwa nakala moja iliyopakuliwa mjini ilisambaa kwa mkono wilaya nzima. Takwimu zikisema watumiaji ni wachache, wewe unayeishi kando ya Ziwa Victoria una haki ya kuzitilia shaka.

Uliza kwa mdomo. Walimu wa TEHAMA wana makundi yao ya WhatsApp, mafundi wana yao, waganga wafawidhi wana yao. Andika kwa Kiswahili, taja programu kwa jina ambalo watu wanalitumia (mara nyingi ni "ile ya matokeo" au "ile ya kijani", halifanani na jina lililoandikwa na msanidi), weka picha ya skrini, kisha subiri kwa wiki kadhaa, maana aliye kisiwani anasoma ujumbe siku atakapopata mtandao. Kama ni huduma iliyo kwenye seva ya ofisi, kuna njia nyingine ya kikatili kidogo lakini ya kweli: izime siku moja ya kazi, usiifute, halafu kaa karibu na simu. Njia hiyo isifanywe kamwe hospitalini.

Na hesabu mwaka mzima. Zipo programu zinazofunguliwa mara mbili kwa mwaka, mtihani wa muhula ukiisha, na miezi mingine yote zinaonekana maiti. Ukizichunguza Aprili utaapa kwamba hazina mwenyewe.

Kuna programu ambazo hazina kosa lolote ila ardhi zilizosimama juu yake imeondoka. Python 2 ilikoma kutunzwa tarehe 1 Januari 2020. Debian ilipotoa toleo la 12 mwaka 2023, Python 2 haikuwemo tena, na vifurushi vilivyoitegemea vilikuwa vimehamishwa kwenda Python 3 au vimeondolewa. Yule kijana aliyeandika programu nzuri ya kupanga matokeo ya shule mwaka 2013 hakukosea; alitumia kilichokuwepo. Lakini sasa kila fundi anayeisimika lazima kwanza asimike mfumo wa zamani, na mfumo wa zamani nao una matundu yake. Programu ya namna hii haifai kujadiliwa kama imekufa au iko hai. Swali lake ni la kazi: je, yupo mtu wa kuihamisha? Kama msimbo ni wa mafaili machache, mwanafunzi mmoja makini ataumaliza likizo ya Desemba. Kama ni mkubwa na umeandikwa ovyo, kuuandika upya ni nafuu kuliko kuuhamisha, na hapo kustaafisha ni sawa.

Suala la mashine zenyewe linafanana na hilo. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisimikaji cha kompyuta kongwe za biti 32, na Ubuntu iliacha kutoa mfumo wa aina hiyo kwa kompyuta za mezani miaka mingi kabla. Shule nyingi zilipewa kompyuta zilizotumika Ulaya, na baadhi bado ni za kizazi hicho. Ushauri wangu kwa mwalimu mwenye maabara kama hiyo: ikiwa haina intaneti, endelea na toleo ulilonalo, fundishia kuchapa na kuchora, na ulinzi wako wote uelekeze kwenye flashi za wanafunzi. Usikubali fundi akutishe kwamba lazima utupe mashine kumi zinazowaka. Ila usiziunganishe mtandaoni, na usiweke humo alama za wanafunzi.

Sasa data. Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa hasara nyingi hutokea hapa.

Ukimkuta mtafiti mwaloni Igombe au Kayenze akijaza dodoso kwenye simu huku dagaa wakipimwa, yawezekana simu ile ina ODK Collect. ODK ilianzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008, na miongoni mwa waliowahi kuitumia mapema ni mpango wa afya wa AMPATH wa Eldoret, kule magharibi mwa Kenya, katika upimaji wa VVU wa nyumba kwa nyumba. Leo watafiti wengi wa afya, kilimo na uvuvi Afrika Mashariki wameizoea. Majibu yaliyojazwa kwenye simu yalikuwa yakitumwa kwenye seva iitwayo Aggregate. Baadaye wasanidi wakaandika seva mpya, Central, wakasema bila kuficha kwamba Aggregate haitasasishwa tena na watu wahamie kwenye Central. Hivi ndivyo kustaafisha kunavyotakiwa: mrithi yupo, tangazo lipo, sababu ipo.

Pamoja na uungwana wote huo, mtu bado anaweza kuumia. Mradi wa utafiti huwa na fedha za miaka mitatu. Fedha zikiisha, msaidizi wa data anapata kazi Dar es Salaam, seva inaendelea kuwaka mahali fulani na hakuna anayejua nenosiri. Hata Briefcase, programu iliyotumika kuvuta data kutoka Aggregate, nayo haisasishwi tena. Kila mwezi unaopita, njia ya kutoka inazidi kuwa nyembamba. Ndiyo maana nawasihi watu: siku mtunzaji anapotangaza kwamba anaacha, hata kama ametoa muda mrefu, toa data wiki hiyohiyo. Kuhama kwenyewe kunaweza kusubiri.

Na kutoa data si kubonyeza kitufe kikakupa jedwali. Jedwali lenye safu iliyoandikwa "q17a" halina maana bila dodoso lenyewe, kwa hiyo toa vyote viwili pamoja, pia na picha na sauti zilizoambatishwa. Kisha mpe mtu mwingine, kwenye kompyuta nyingine, bila wewe kusimama begani kwake, ajaribu kukuambia siku fulani mitumbwi mingapi ilitua. Akishindwa, bado hujatoa data. Nakala moja ibaki ofisini na nyingine jengo jingine kabisa.

Kwa hospitali na zahanati jambo hili lina uzito wa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile inazozilinda kwa makini zaidi. Kompyuta iliyowekwa stoo ikiwa na majina na vipimo vya wagonjwa bado ni jukumu lako. Chukua mfano wa Care2x, mfumo huria wa hospitali ulioanza mwaka 2002, ulioandikwa kwa PHP, na uliowahi kutumika katika baadhi ya hospitali za Kanisa la Kilutheri (KKKT) hapa nchini. Matoleo yake ya zamani yalitegemea PHP 5, ambayo msaada wake wa usalama ulikoma mwisho wa 2018. Hospitali iliyokwisha kuhamia kwenye mfumo mwingine, uwe GoTHOMIS ya serikali au wa kununua, hubaki na historia ya wagonjwa kwenye mfumo wa zamani. Kuihamisha yote ni gharama, na mara nyingi rekodi huingia zimechanganyika. Ningependelea wafanye hivi: mfumo wa zamani ubaki kwenye kompyuta moja isiyounganishwa na kitu chochote, chumba kinachofungwa, wa kusoma tu, na mtu mmoja wa kumbukumbu mwenye ufunguo. Upangiwe na mwaka wa kufutwa kulingana na muda ambao kumbukumbu za wagonjwa zinapaswa kutunzwa. Huo nao ni ustaafu, na wa heshima.

Ukitaka kuona jinsi mambo yanavyokuwa mepesi data ikiwa mbali na programu, tazama mkoa jirani wa Mara. Tangu 2015 mradi wa Crowd2Map umekuwa ukichora vijiji vya huko kwenye OpenStreetMap, na ramani hizo zimewasaidia wanaharakati wa Serengeti kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji, mahali ambapo ramani nyingine zilionyesha pori tupu. Kwenye simu wengi walitumia Maps.me kwa kuwa inasomeka bila intaneti. Maps.me ilikuwa programu huria tangu 2015. Mwishoni mwa 2020 ikauzwa kwa kampuni nyingine na ikabadilika tabia. Baadhi ya waanzilishi wake wakachukua msimbo wa zamani, wakaanzisha Organic Maps, iliyotoka 2021. Mwaka 2025 sehemu ya jumuiya ya Organic Maps nayo ikajitenga ikaanzisha CoMaps. Programu tatu ndani ya miaka michache! Lakini kijiji kilichochorwa hakikupotea hata kimoja, maana vijiji havikuwa ndani ya Maps.me, vilikuwa kwenye OpenStreetMap, na programu mpya ilivisoma vilevile. Aliyehama alipoteza dakika chache za kupakua na alama zake binafsi kama hakuzitoa. Unapoandika programu yako leo, hata ya kurekodi mauzo ya mazao ya chama kimoja cha ushirika (AMCOS), fikiria siku utakapoiacha, na uweke data mahali ambapo programu nyingine itaweza kuisoma.

Mantiki hiyohiyo naitumia kwa zile programu za Global Learning XPRIZE. Watu wameanza kuzisahau, ingawa zilijaribiwa hapahapa Tanzania, katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, kwa watoto karibu 3,000 waliojifunza kusoma na kuhesabu kwa tableti. Mei 2019 onebillion na Kitkit School ziligawana tuzo ya dola milioni 10, na programu zote tano zilizofika fainali zikatolewa huria kwa Kiswahili na Kiingereza, msimbo kwa leseni ya Apache na maudhui kwa leseni ya Creative Commons. Ziliandikwa kwa tableti za wakati ule. Mwalimu wa Magu atakayechukua msimbo ule wa 2019 na kutaka kuusimika kwenye tableti ya leo atahangaika, na sioni sababu ya mtu kupoteza miezi akiufufua ulivyo. Lakini sauti za Kiswahili zilizorekodiwa, hadithi, michoro, mpangilio wa herufi na silabi: hivyo ni mali. Programu istaafu, maudhui yavunwe yawekwe kwenye programu iliyo hai. Leseni inaruhusu, mradi utaje ulikoyatoa.

Inabaki habari ya mrithi. Wengi hudhani kumpata mtu wa kuichukua programu ni ushindi, na kuistaafisha ni kushindwa. Kisa kimoja kinaonyesha kwamba sivyo daima. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kuingia kwenye seva kwa ssh kunachelewa kwa takribani nusu sekunde. Akafuatilia hadi akakuta mlango wa siri umepandikizwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila Linux. Xz ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin, aliyekuwa amechoka na aliyewahi kulisema hilo waziwazi. Akajitokeza msaidizi aliyejiita Jia Tan, akafanya kazi nzuri kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Kisha akafanya alichokuja kufanya. Mpaka leo hajulikani ni nani.

Hapa kwetu hatari ya kawaida si ya kijasusi. Programu imeandikwa na mwanafunzi kama kazi yake ya mwisho chuoni, ofisi imeipenda ikaanza kuitumia, mwanafunzi amehitimu na nenosiri limeondoka naye Kahama. Lakini dawa ni moja. Mrithi aanze na makosa madogo yaliyolala muda mrefu. Anayetaka funguo kabla ya kufagia ana haraka yake. Mamlaka ya kutoa toleo yawe kwa watu wawili, na mmoja wao awe mwajiriwa wa mahali programu inapotumika, maana huyo ndiye atakayepigiwa kelele ikikwama. Usipowapata hao wawili, istaafishe, na usione aibu. Programu isiyo na mtu inayojifanya ina mtu ni mbaya kuliko iliyosema kweli.

Namna ya kustaafisha ni kazi yenye utaratibu wake. Kubwa kuliko yote ni kwamba hufuti. Machi 2016 msanidi mmoja, kwa ugomvi wake na hazina ya npm, aliondoa vifurushi vyake vyote, kikiwemo left-pad, cha mistari 11 tu ya msimbo. Miradi mingi duniani ilikwama siku hiyo kwa kuwa ilikitegemea bila kujua, na npm ikalazimika kukirudisha. Apache wana mahali paitwapo Attic, pamekuwepo tangu 2008, ambapo mradi uliokoma huwekwa ukiwa wa kusomwa tu: msimbo upo, nyaraka zipo, na juu kuna tangazo kwamba hakuna mtu nyumbani. Debian hutunza matoleo yake ya zamani kwenye hazina ya kumbukumbu. Kwa watu wa Mwanza nadhani hili halihitaji maelezo marefu: meli ya MV Victoria iliegeshwa mwaka 2014, na kwa kuwa iliegeshwa bila kukatwa vyuma, mwaka 2020 ilirudi safari za Bukoba. Edubuntu, toleo la Ubuntu kwa ajili ya shule, ilipita njia hiyohiyo. Viongozi wake waliachia ngazi mwaka 2016, mradi ukazimika, kisha Aprili 2023 watu wengine wakaurudisha.

Tangazo lako liwe juu kabisa ya ukurasa wa mradi na kwenye skrini ya kuingilia, kwa Kiswahili, mistari minne inatosha: programu hii haitunzwi tena kuanzia tarehe fulani, sababu ni hii, badala yake tumia ile, data zako utazitoa hivi. Kama hakuna mbadala, sema hakuna. Nimeona matangazo yanayotaja mbadala unaohitaji seva yenye Docker kwa mtu mwenye kompyuta mpakato moja na umeme wa sola. Huo kwake si mbadala. Kwa ODK, kwa mfano, ofisi ndogo isiyo na mtu wa kutunza seva ya Central ni afadhali ilipie huduma iliyosimikwa na wengine, au iungane na taasisi jirani yenye seva, kuliko kusimika kitu ambacho mwakani nacho kitakuwa yatima.

Kuhusu muda, Fedora hukistaafisha kifurushi kilichokosa mtunzaji baada ya wiki 6. Kwao inafaa. Kwa programu inayotumika visiwani mimi ningetoa mwaka mzima wa shule kwa shule, na kwa zahanati miezi sita isiyopungua, isipokuwa pale mwanya wa usalama unapokuwa wazi na seva iko mtandaoni. Hapo izime leo na uombe radhi kesho.

Siku ya kuzima nayo ichaguliwe na mtu anayeijua kazi. Shule za sekondari zisiguswe Novemba, kidato cha nne wakiwa kwenye mtihani, wala za msingi Septemba, darasa la saba. Zahanati zisiguswe siku za mwanzo wa mwezi, wanapokusanya taarifa za mwezi uliopita. Kwa mialo, waulize BMU, vikundi vinavyosimamia mialo: wavuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali, na siku hizo karani wa mwalo ana nafasi ya kukaa na fundi, kujaribu programu mpya kwa takwimu za wiki iliyopita, na kukuonyesha kile ambacho hukukifikiria. Mara nyingi kitakuwa jambo dogo kama kipimo cha ndoo au beseni ambacho programu ya zamani ilikuwa nacho na mpya haina. Kiongeze kwanza, ndipo uzime.